Umeimba soprano (sauti ya juu ya kike) miaka mingi na sasa unataka kufundisha? Anzia hapa

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa tenori (sauti ya juu ya kiume), kijana mpole, na somo lilikuwa la dakika 60. Kati ya hizo 60 nadhani nilimwimbia 40. Akikosea namwambia sikiliza, namwimbia, anarudia, anakosea vilevile, namwimbia tena kwa nguvu zaidi kama vile shida yake ni masikio. Alipoondoka nilijiona nimefundisha kweli. Wiki ya pili akarudi na kitu kipya: kila akifika mwisho wa mstari anainua kidevu kidogo na noti ya mwisho inashuka kama inateleza. Nikajiuliza hii kaitoa wapi. Usiku nikajirekodi kwa simu, kumbe ni yangu. Kidevu changu kabisa kile. Nimekaa nacho jukwaani miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Kwa hiyo kama umetoka jukwaani, au unatoka pole pole, na watu wanakwambia "wewe na sauti hiyo, si ufundishe tu", jua kwamba sauti yako nzuri haimfundishi mtu. Mara nyingi ndiyo inaziba njia, maana mwanafunzi anaiga anachosikia na anaiga pia vilema vyako, na wewe ukishaimba unahisi kazi imefanyika wakati yeye bado yuko palepale.

Kwanza jua unachofanya

Ukiimba miaka 15 au 20 mwili ushazoea, pumzi inaingia yenyewe, ulimi unalala wenyewe, taya linaachia lenyewe, na mazoezi yote yale yalikuwa ya kukufikisha hapo. Sasa mwanafunzi anakuja kukuuliza hayohayo ambayo ulishaacha kuyafikiria zamani.

Mwangalie Manuel García, mwalimu wa kuimba aliyezaliwa Uhispania 1805. Baba yake mwimbaji maarufu, dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, nyota wa opera, na yeye mwenyewe akaimba jukwaani na familia ila sauti haikumbeba, akaacha akiwa bado kijana. Mtu asiye na sauti ya kuonyesha atafundishia nini? Ikabidi aangalie. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno akakiingiza kooni, kioo kingine akakishika mkononi kuelekeza mwanga wa jua, na hapo akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga, mwaka uliofuata akapeleka maelezo yake Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Alikuja kufa 1906 akiwa na miaka 101. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Jenny Lind, soprano wa Sweden, aliyemfuata Paris 1841 sauti yake imechoka hoi, na García kwanza alimwambia anyamaze, aache kabisa kuimba kwa muda, ndipo waanze. Lind huyohuyo baadaye akawa mwalimu wa kuimba pale Royal College of Music, London, ilipofunguliwa 1883. Na kama unadhani lazima uwe soprano aliyetamba sana jukwaani ndipo ufundishe masoprano, Mathilde Marchesi, mwanafunzi mwingine wa García, hata soprano hakuwa, alikuwa mezo (sauti ya kike iliyo chini kidogo ya soprano), lakini masoprano wakubwa Nellie Melba na Emma Eames walitoka kwake.

Basi fanya hivi kabla hujachukua mwanafunzi hata mmoja. Chukua daftari, kwa wiki mbili kila ukipasha sauti andika ulichofanya. Usiandike ulichohisi, andika ulichofanya. Ukishamaliza rudi usome, na kila penye maneno kama "nilituma sauti mbele", "niliiweka kwenye paji la uso", "niliimba kwa tumbo", piga mstari. Sauti haitumwi popote, inatoka kwenye nyuzi mbili ndogo kooni, inapita kwenye koo na mdomo, inatoka nje. Huo mtetemo unaousikia kwenye paji ni matokeo, na ni wa kichwa chako wewe, mwingine akifanya kitu kilekile sawasawa anausikia kwenye meno au hasikii chochote. Ukimwambia aweke sauti pajini atakunja uso, basi.

Kipimo changu ni hiki: kama mtu aliyesimama mbele yako hawezi kuona au kusikia kwamba umefanya au hujafanya, hayo uliyosema si maagizo, ni shairi. "Gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini" ni maagizo. "Toa hewa kwa ssss mpaka sekunde 15 na mbavu zisiporomoke" ni maagizo. "Vuma mdomo umefungwa, halafu shusha taya bila kugusa kingine chochote" nayo ni maagizo. Mashairi yana nafasi yake, hasa kwenye hisia za wimbo, ila yaje baadaye.

Halafu kaa kwenye masomo ya walimu wengine, omba ruhusa, kaa pembeni, funga mdomo. Maria Callas, soprano maarufu wa opera, akiwa binti mdogo Athens alifundishwa na Elvira de Hidalgo, soprano kutoka Uhispania, na alikuwa akimaliza somo lake haendi nyumbani, anabaki kutwa anasikiliza ya wenzake. Mimi nilipoanza kukaa pembeni hivyo nilishangaa, ndani ya mwezi nilijifunza mambo ya baritoni (sauti ya kiume ya kati) ambayo sikuwahi kuyawaza miaka yote niliyosimama nao bega kwa bega jukwaani.

Usisubiri sauti iishe

Wengi wanaanza kufundisha siku simu za kazi zinapokatika, na wanakuja darasani na uchungu. Mwanafunzi anausikia. Ni bora uanze na wawili watatu ukiwa bado unaimba, uone kama unaipenda hii kazi maana wengine hawaipendi na si dhambi.

Dalili za kwamba muda unakaribia utazijua mwenyewe: vibrato (ule mtikisiko wa sauti kwenye noti ndefu) inakuwa pana na nzito, noti laini za juu zinaanza kutaka ubembeleze, unahitaji siku mbili kupona baada ya onyesho ambalo zamani ulipona usiku mmoja. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma nyuzi za sauti nazo zinabadilika, sauti inashuka kidogo, wengine sana wengine hawaoni tofauti kubwa. Pauline Viardot alistaafu jukwaani 1863, miaka ya arobaini ndo kwanza anaianza, akaishi mpaka 1910 akifundisha na kutunga. Hakuna aibu hapo.

Ila nikutahadharishe, kufundisha kunachosha koo kuliko unavyodhani. Kwenye opera unaimba, unatoka, unapumzika nyuma ya pazia, wengine wanaimba. Darasani unaongea saa tano mfululizo, unaongea juu ya piano, unaongea huku mwanafunzi anaimba (acha hiyo tabia!), unaonyesha kidogo hapa, kidogo pale bila kupasha, na jioni unashangaa sauti imekwaruza. Kama bado una maonyesho usifundishe siku hiyo wala jana yake jioni. Na dakika 20 za kwanza za asubuhi ziwe zako, upashe sauti yako mwenyewe kabla mtu hajagonga mlango.

Koo lililo mbele yako si lako

Hapa ndipo masoprano tunapoharibu zaidi, na naomba nikae hapa kidogo.

Sauti ya soprano huko juu ina sheria zake. Noti C6 (herufi ni jina la noti, namba ikipanda noti iko juu zaidi), ile C ya juu tunayoiogopa wote, maana yake nyuzi zinagongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Sasa irabu kama i na u zinatambulika kwa mlio fulani wa chini ndani ya mdomo, na soprano akipanda, noti yenyewe inaupita ule mlio, kwa hiyo hata afanyeje i haiwezi kubaki i safi. Ndio maana tunafungua taya zaidi kadiri tunavyopanda na irabu zote zinasogea kuelekea a, na ndio maana huko juu msikilizaji hashiki neno. Si uvivu wa matamshi, ndivyo mdomo wa binadamu ulivyo.

Alto, sauti ya chini ya kike, hana shida hiyo. Mimi nilimfundisha alto mmoja mwezi mzima afungue mdomo kama mimi, noti za katikati kabisa, za kuongea tu, mpaka "usiku" ikawa "osoko". Mama wa watu akanitii kila neno! Siku moja akaniuliza kwa upole, mwalimu, mbona nyumbani wananiambia siku hizi hawaelewi ninachoimba? Nikamwambia aseme mstari kama anaongea na mtu aliye upande wa pili wa chumba, halafu auimbe hivyohivyo bila kuongeza kitu, na sauti ikatoka kama ilikuwa imefungiwa kabatini. Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati, irabu zetu tano hazibadiliki kila neno, kwa hiyo mwanafunzi anayejua kusema a, e, i, o, u za nyumbani kwao ameshapata nusu ya matamshi ya Kitaliano bila kulipia.

Wanaume sasa. Ukimwimbia noti ya kwako yeye anatakiwa ashuke oktava nzima (noti ya jina lilelile, ngazi nane chini), wengine wanashuka bila shida, wengine wanakimbilia falseto (sauti nyembamba ya juu ya mwanaume) maana ndiyo wanayoisikia kwako, na wewe unadhani ndiyo sauti yake. Mpigie noti kwenye piano, kwenye oktava yake hasa. Pia mahali sauti inapovuka, yaani pasajio, hapafanani. Soprano wengi wanavuka juu karibu na E5 mpaka F5 na kivuko hicho ni kama kilima cha taratibu ukishafunzwa. Tenori kivuko chake kiko kwenye D4 hivi mpaka G4, baritoni chini ya hapo kidogo, na kwao ni kama mlango, ukikosea kuusukuma sauti inapasuka mbele ya watu. Usimwambie "legeza tu iende kichwani" kama ulivyoambiwa wewe, utapata falseto. Mpe u au o, sauti ya wastani, noti tatu tu kupanda na kushuka, apite pale pale mara nyingi bila kupiga kelele.

Vijana wa kiume wanaobadilika sauti, wengi kati ya miaka 12 na 15, usiwape skeli (noti zinazopanda na kushuka ngazi kwa ngazi) ndefu. Tafuta noti tano au sita anazoziweza wiki hiyo, imbeni hizo, wiki ijayo zinaweza kuwa nyingine, na mwambie wazi kwamba hajaharibika.

Somo lenyewe

Dakika tano za mwanzo ongeeni tu. Muulize wiki ilikuwaje, na wakati anajibu wewe sikiliza sauti yake ya kuongea, kama ina ukwaruzo, kama anaishiwa pumzi katikati ya sentensi, kama taya linasogea au limekazwa. Mengi utayapata hapo kabla hajaimba.

Kisha mpashe: midomo ibubujike brrr kama mtoto anavyocheza gari, au aimbe kupitia mrija mwembamba wa kunywea, hewa inabanwa mbele na nyuzi zinagongana kwa ulaini. Dakika tano zinatosha.

Halafu chagua kitu KIMOJA. Huu ndio ugumu wote wa kazi yetu kwa sababu masikio yako yanasikia makosa tisa kwa mpigo na ulimi unawasha. Kuna binti alikuja, pumzi fupi, kidevu juu, mabega yanapanda, noti za juu zinabana, matamshi hovyo. Nilitamani kusema yote. Nikamsimamisha ukutani, kisigino kikiwa mbele ya ukuta kidogo, mgongo na kisogo vinagusa, nikamwambia aimbe wimbo wote kisogo kisiachane na ukuta. Basi. Mstari wa tatu, pale noti inapopanda, nikaona kisogo kinataka kutoka, akakirudisha, noti ikatoka imetulia, akakatisha wimbo mwenyewe akanitazama. Sikusema kitu. Akarudia bila kuambiwa. Kidevu kiliposhuka na koo likaachia na noti za juu zikalegea zenyewe, yaani makosa matatu yaliondoka kwa ukuta mmoja, na mabega tukayaacha ya wiki ijayo.

Ukishamwambia kitu, nyamaza. Mwache ajaribu mara tatu bila neno lako, ya kwanza itakuwa mbaya, ya pili mbaya zaidi, hapo ndipo mwalimu mpya anaingilia na kuharibu. Subiri ya tatu. Na mwache arekodi somo kwa simu yake, akisikiliza nyumbani anasikia tofauti ambayo chumbani hakuiamini.

Kuonyesha kwa sauti yako usiache kabisa, ila onyesha mwishoni, akishapata, na onyesha kwa sauti ndogo. Kuna kitu nimekiona kinasaidia zaidi: onyesha kosa lake na lililo sahihi, bila kusema lipi ni lipi, yeye akwambie.

Piano: huhitaji kuwa mpiga piano, unahitaji kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mara tatu, ya kwanza, ya tano, ya kwanza tena, kwenye funguo zote 12, ukipanda nusu toni nusu toni (hatua ndogo kabisa ya piano) bila kutazama vidole. Mimi ilinichukua miezi minne ya kila siku na majirani walivumilia. Ukitazama vidole humtazami mwanafunzi, na makosa ya kuimba yanaonekana kabla hayajasikika: shingo inakaza, nyusi zinapanda, goti linajifunga.

Nyimbo, usimpe zako. Aria (wimbo wa mwimbaji mmoja kwenye opera) iliyokupa makofi wewe ilikaa kwenye koo lako la miaka 35, ukimpa binti wa miaka 18 ataipiga kwa nguvu, atashangiliwa, na utatumia mwaka kuondoa ulichoingiza. Mpe nyimbo fupi, za oktava moja na kidogo, zenye mistari mirefu na maneno machache. Atachoka nazo, sawa tu.

Koo likiuma

Wewe si daktari. Sauti ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki tatu hivi, au imekatika ghafla katikati ya kuimba, au kuimba kunauma, simamisha masomo na umpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe nyuzi, siku hizi ni kamera ndogo badala ya kioo cha García lakini wazo ni lilelile. Usijaribu kuponya kwa mazoezi kitu ambacho hujakiona.

Na waambie ukweli kuhusu asali, tangawizi na vinywaji vya moto. Vinatuliza koo, vinaburudisha, sawa, lakini ukimeza haviendi kwenye nyuzi za sauti, kinachomezwa kinapita njia yake na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Kikipita huko utakohoa mpaka machozi. Kinachofika pale moja kwa moja ni hewa unayovuta, ndio maana mvuke unasaidia, na maji ya kunywa yanasaidia kwa kuupa mwili wote unyevu, kwa hiyo anywe tangu asubuhi na si dakika moja kabla ya kuimba. Kunong'ona siku sauti imeisha si kupumzika, wengi wanakaza koo zaidi wakinong'ona. Anyamaze, kama Lind.

Yale mengine

Malipo na masharti andika tangu mwanzo, hasa la kuahirisha: asipotoa taarifa saa 24 kabla, somo limehesabiwa. Nilikuwa naona aibu kusema hilo nikawa nakaa na piano yangu Jumamosi nzima namsubiri mtu asiyekuja. Usimwahidi mtu umaarufu wala nafasi kwenye odisheni. Watoto wafundishe mlango ukiwa wazi au mzazi akiwepo, na mtu yeyote, mtoto au mzee, usimguse mbavu kumwonyesha pumzi bila kuomba, tena bora ajishike mwenyewe.

Kwa intaneti inawezekana, ila sauti inachelewa, hamwezi kuimba na piano yako kwa pamoja, kwa hiyo mtumie muziki wa kusindikiza aupige upande wake. Mwambie azime ile setingi ya kupunguza kelele, programu inadhani noti ndefu ni mlio wa feni inaimeza.

Halafu kuna siku atakuja mtu, utamsikiliza miezi mitatu, na hutaelewa koo lake linafanya nini. Mimi imenitokea mara mbili, mara zote besi (sauti ya chini kabisa ya kiume) mzito. Usimshikilie. Andika pembeni walimu wawili unaowaamini kwa sauti za aina hiyo, mpigie mmoja wakati mwanafunzi bado yuko chumbani, mweleze umejaribu nini na kipi hakikufanya kazi, halafu umpe simu mwanafunzi waongee wenyewe.